UZI MAALUMU: Umechukua watoto wa paka? Usiwape nyumba nzima siku ya kwanza

#1 Bi Nyaunyau

Wakuu salaam.

Kwa wasionijua, mimi huokota watoto wa paka waliotupwa, zaidi pale soko la samaki na kwenye madampo ya mitaa yetu hapa Tanga. Nawalea mpaka wanakula wenyewe, kisha nawagawa bure. Kugawa si kazi. Kazi inaanza kesho yake, simu zikianza kulia. "Dada, paka wako hali." "Dada, yuko nyuma ya friji tangu jana, hatoki." "Dada, analia usiku kucha, majirani wananitazama vibaya." Mmoja alinipigia saa nane za usiku akitaka nimbembeleze paka kwa spika ya simu. Nimeona niandike mara moja, kila atakayepiga nimtumie uzi huu.

Karibu simu zote hizo zina kisa kimoja. Boksi limefunguliwa katikati ya sebule, televisheni inaunguruma, watoto wamezunguka, kila mmoja anataka kumbeba, shangazi anapiga picha za kuweka stetasi. Watu wanadhani wanampokea mgeni kwa bashasha. Mwenzenu hana hata kilo moja. Asubuhi alikuwa amelala katikati ya ndugu zake, na humu ndani hakuna harufu hata moja anayoijua. Paka husoma mahali kwa pua kabla ya macho. Asipokuta harufu yake, anatafuta shimo la karibu lenye giza na kuzama humo. Hajawachukia. Anafanya kile ambacho mnyama mdogo kuliko wote chumbani anatakiwa kufanya.

Kwa hiyo msimpe nyumba. Mpe chumba kimoja. Kiwe kile tulivu kuliko vyote, ambacho watu hawapitipiti, na mlango ufungwe. Kabla hajaingia, piga magoti ukikague ukiwa chini kwenye kimo chake. Utaona mambo ambayo ukiwa umesimama huyaoni: tundu la kwenda darini (akiingia darini mtakuja kubomoa jipsamu kumtoa), ufa nyuma ya kabati, ndoo na mapipa ya maji yasiyo na mifuniko, waya za chaja, mifuko ya nailoni, uzi wa cherehani ulioanguka mvunguni. Huo uzi msiuchukulie poa. Ulimi wa paka una vijimiba vinavyoelekea kooni. Akianza kumeza uzi hawezi kuutema, na ukifika tumboni unaweza kuukunjakunja utumbo na kuukata. Ukiona uzi unaning'inia nyuma yake usiuvute, mpeleke kwa daktari wa mifugo hivyo hivyo. Sumu ya panya nayo iondoke kwenye nyumba kabisa, si kuhamishiwa rafu ya juu. Na panya aliyekula sumu akifa, paka akimla naye anaweza kufuata.

Humo chumbani weka boksi la karatasi lililolazwa ubavu, na ndani yake kitambaa. Mimi kila ninayemgawia paka namkatia kipande cha khanga ambacho watoto wamekilalia na mama yao, kama mama yupo. Usikifue! Nimeshakuta mtu amekifua kwa sabuni ya unga akakipiga na pasi, kinanukia maua. Kile kinuko cha mwanzo ndicho kilichokuwa kinatakiwa.

Maji na chakula upande mmoja, beseni la mchanga upande wa pili, mbali kabisa. Paka hapendi kula karibu na choo, na ukiviweka pamoja atahamisha choo, hatahamisha chakula.

Siku ya kwanza kazi yako ni kukaa tu. Kaa sakafuni, chezea simu, ongea kwa sauti ya chini, hata na wewe mwenyewe. Usimvute mvunguni. Usimkodolee macho, maana kwa paka kukodolewa ni kuitwa kwenye ugomvi. Mkikutana macho, fumba yako taratibu, fumbua, kisha tazama pembeni. Siku atakapokurudishia hivyo hivyo utajua mmeanza kuelewana. Dalili nyingine ni mkia kusimama wima anapokuja upande wako, na kula wewe ukiwa palepale. Hapo ndipo unafungua mlango na kumwonyesha chumba cha pili. Huku chumba cha kwanza kikae wazi, awe na pa kukimbilia.

Itachukua muda gani? Inategemea alilelewa vipi. Mtoto wa paka aliyeshikwashikwa na watu tangu wiki ya 2 mpaka ya 7 ya maisha yake, siku mbili tatu anakupanda mapajani. Aliyezaliwa kwenye mtaro akakamatwa ana miezi mitatu, subiri. Anaweza kukaa wiki kadhaa anakuja usiku tu kula. Si kiburi, ule umri wa kujifunza kwamba binadamu ni salama umempita, kwa hiyo anajifunza polepole.

Na jamani, msichukue mtoto wa paka ambaye hajafikisha wiki 8. Najua wakiwa wadogo wana macho ya buluu na wanapendeza, lakini ule ubuluu wenyewe ni dalili kwamba bado ni mapema. Unaanza kubadilika kwenye wiki ya 6 au ya 7.

Tupieni maswali.

#2 Mzee wa Geto

Yaani paka apewe chumba kizima afungiwe mlango? Dada, mimi mwenyewe nimepanga chumba kimoja, jiko na kitanda vinasalimiana. Nimpishe paka nikalale kwa jirani?

#3 Bi Nyaunyau

😂 Mkuu, wewe ndiye mwenye bahati. Chumba kimoja unacho tayari, huna sebule ya kumpoteza. Mpe mvungu wa kitanda. Shuka moja iteremke mpaka sakafuni iwe pazia, boksi lake liwe nyuma ya hilo pazia upande wa ukutani. Mchanga uweke kona ya mlangoni. Cha kuangalia zaidi kwako ni jiko. Kama ni la mkaa, lisibaki chini lina makaa wakati hupo, na kama ni la mafuta ya taa hakikisha chupa imefungwa. Paka akikanyaga mafuta ya taa atajilamba miguu, na ndivyo anavyoyameza.

#4 Nyota ya Lamu

Naweka kambi hapa, ila naomba kupinga kidogo. Kwetu Lamu paka wamejaa mjini, wamezaliwa vichochoroni, wanakula vichwa vya samaki bandarini, hakuna aliyewawekea boksi wala khanga. Wako hai na wana afya. Tusije tukawafanya paka kuwa dhaifu kwa kuwadekeza.

#5 Bi Nyaunyau

Nyota, nakubali paka wa Lamu ni mashuhuri, na watalii wanakuja na kamera kwa ajili yao. Ila unaowaona ni waliopona. Waliokufa wakiwa na mwezi mmoja huwaoni, na ni wengi. Jike mmoja anaweza kuzaa watoto wanne mara mbili au tatu kwa mwaka. Kama wote wangekuwa wanapona, leo msingekuwa na pa kupitisha punda. Na hapo kwenu kuna kliniki ya wanyama inayowafunga kizazi paka wa mitaani, waulize wenyewe hali ya wanaoletwa.

Halafu kuna tofauti. Paka wa kichochoro amezaliwa palepale, kila kona anaijua na ana mama wa kumfundisha. Huyu tunayemzungumzia amebebwa kwenye boksi akatuliwa mahali pageni.

#6 Nyota ya Lamu

Hapo kwenye mama umenishika. Endelea.

#7 Mama Junior

Asante kwa madini dada. Wangu nimempata jana, ana miezi miwili hivi. Nimemwekea maziwa ya ng'ombe freshi, kanywa yote kafurahi, leo anaharisha maji matupu. Nimbadilishie maziwa ya unga?

#8 Bi Nyaunyau

Mama Junior, acha maziwa kabisa, ya aina zote za watu. Watoto wengi wa paka wakishaacha kunyonya matumbo yao hayawezi tena kuisaga sukari iliyomo kwenye maziwa, nayo huvuta maji, ndiyo hiyo harisho. Anayafurahia kwa sababu yana mafuta. Mpe maji safi, basi.

Sasa hivi fanya hivi. Mshike ngozi ya kati ya mabega, iinue kidogo halafu iachie. Ikirudi mara moja, maji mwilini bado yapo. Ikibaki imesimama au ikirudi kwa uvivu, usisubiri kesho, nenda kwa daktari wa mifugo leo. Kisha funua mdomo utazame fizi. Zinatakiwa ziwe za waridi na zina unyevu. Zikiwa nyeupe, au zinanata kwenye kidole, ni safari hiyo hiyo. Kadogo kama hako kanaweza kukauka ndani ya siku moja.

Kama yuko mchangamfu na ngozi inarudi, mchemshie kuku bila chumvi, bila kitunguu, bila chochote, mpe kidogo kidogo mara nne au tano kwa siku. Harisho lisipokata kesho, au ukiona damu, au akianza kutapika, ni daktari.

#9 Kijana wa Ilala

Chakula hasa ndio nataka kujua. Nyumbani tunampa ugali na mchuzi wa dagaa. Ni sawa?

#10 Bi Nyaunyau

Ugali unamjaza tumbo, haumjengi. Paka ni mla nyama kweli kweli, si kama mbwa anayeweza kuishi na makombo ya kila aina. Kuna kitu kinaitwa taurini kinachopatikana kwenye nyama na samaki. Paka hawezi kukitengeneza cha kutosha mwilini mwake, na akikikosa kwa muda mrefu macho yanaharibika na moyo unalegea. Huoni kitu leo wala mwezi ujao, unakuja kuona paka anagonga meza.

Kwa mfuko wa kawaida wa Mtanzania hivi ndivyo ninavyofanya. Dagaa wakavu wa chumvi nawaloweka, namwaga yale maji, nawaosha mchanga, nawachemsha. Utumbo wa kuku, firigisi, mioyo, vichwa vya samaki vilivyochemshwa na kuchambuliwa miiba. Moyo wa kuku ndio tajiri wa taurini na ni rahisi kuupata kwa wauza supu. Supu yenyewe usimwage, taurini huyeyukia kwenye maji, kwa hiyo unamimina vyote. Ugali, kama lazima, uwe wa kushikiza tu. Maini mpe mara moja moja. Yakiwa chakula cha kila siku vitamini A inazidi na mifupa inaharibika.

Samaki wabichi kila siku hapana, wengi wana kitu kinachoua vitamini B1. Mifupa ya kuku iliyopikwa hapana, inavunjika vipande vyenye ncha. Kitunguu, kitunguu saumu na chokoleti ni sumu kwao.

Ukiweza chakula cha madukani cha paka wadogo, changanya. Kimewekwa kila kitu kinachotakiwa. Mpaka miezi minne ale mara nne kwa siku, baada ya hapo mara tatu. Na chakula kikiwa cha uvuguvugu ananusa vizuri, hasa akiwa mgeni na roho imemkaa juu.

#11 Daktari wa Mifugo Mstaafu

Bi Nyaunyau umeeleza vyema. Niongezee ya upande wangu, maana wengi walikuwa wananiletea paka akiwa ameshachelewa.

Minyoo. Mtoto wa paka huipata tangu kwenye maziwa ya mama. Dawa huanza akiwa na wiki 3, kila baada ya wiki 2 mpaka afike wiki 8 au zaidi, kisha kila mwezi hadi miezi 6. Umechukua paka na huna historia yake, mchukulie kwamba hajapewa. Mpime uzito kwanza kwenye mizani ya jikoni, dawa inakwenda kwa uzito. Kwa makisio, mtoto mwenye afya huongeza kama gramu 100 kwa wiki, mwenye miezi miwili awe karibu gramu 900. Ukiona vitu vyeupe kama punje za mchele vimekauka kwenye manyoya ya nyuma, hao ni minyoo tegu, na wanaletwa na viroboto. Ukitibu minyoo ukaacha viroboto unafanya kazi bure.

Viroboto. Hapa ndipo watu wanaua paka kwa mikono yao. Msimwogeshe kwa dawa ya josho. Msimpake dawa ya mbwa yenye pemetrini. Msimwogeshe kwa zile dawa za kuua vijidudu zinazogeuka nyeupe ukizitia maji. Mbwa anavumilia, paka hapana, ini lake halina uwezo wa kuvunja kemikali hizo. Kwa sababu hiyo hiyo parasetamo ni marufuku. Kidonge kimoja kinaweza kumuua paka mkubwa, sembuse huyo. Mtoto mdogo mwenye viroboto aogeshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo ya kuoshea vyombo, kuanzia shingoni ili wasikimbilie kichwani, asuuzwe, akaushwe vizuri kwa taulo, kisha achanwe na chanuo la meno ya karibu. Matandiko yafuliwe kwa maji moto.

Chanjo. Ya homa ya paka na mafua ya paka huanza wiki ya 6 hadi ya 8, hurudiwa kila wiki 3 au 4 mpaka wiki ya 16. Ya kichaa cha mbwa anapotimiza wiki 12. Ndiyo, paka naye anaugua na kuambukiza kichaa cha mbwa. Muulizeni afisa mifugo wa kata yenu, hasa kuelekea tarehe 28 Septemba ambayo ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, kuna maeneo hutoa chanjo kwa kampeni. Mkiumwa au mkiparuliwa na paka msiyemjua, osheni jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo.

Na la mwisho: kama ndani ya nyumba kuna paka aliyekufa kwa kutapika na kuharisha, msilete mtoto mwingine asiyechanjwa. Kirusi cha homa ya paka kinaweza kudumu humo hata mwaka mzima, na sabuni ya kawaida haikiui. Sakafu na vyombo vipigwe jiki, kipimo kimoja kwa vipimo 32 vya maji, baada ya kusafisha uchafu kwanza. Matandiko yachomwe.

#12 Kijana wa Ilala

Daktari umenipa baridi. Hiyo dawa inayogeuka nyeupe nilishainunua, ipo bafuni. Inarudi dukani leo.

#13 Daktari wa Mifugo Mstaafu

Isirudi dukani kijana wangu, safishie choo. Ila suuza sana, na paka asipite mpaka pakauke.

#14 Mwana wa Mkwe

Mke wangu ni mjamzito miezi minne, na mama mkwe amekuja juu. Anasema paka ataharibu mimba, na manyoya yake yatamletea mtoto pumu. Tena huyu paka ni mweusi, hapo nd'o kabisa. Nimrudishe?

#15 Bi Nyaunyau

Weusi tuuache, kaka, hata suruali yako huenda ni nyeusi.

Kuhusu mimba, mama mkwe hajakosea kabisa, mheshimu. Kuna kijidudu kinaitwa toksoplazma, kinaweza kuwamo kwenye kinyesi cha paka na ni hatari kwa mimba. Lakini kikitoka kinahitaji walau siku nzima ndipo kiweze kuambukiza. Ndiyo maana mchanga unaotolewa kila siku hatari yake ni ndogo. Basi mchanga ni kazi yako, si ya mkeo, kila siku bila kuruka. Paka asile nyama mbichi, asitoke nje kuwinda. Na mwambie mkeo kuwa watu wengi hukipata kwenye mishkaki isiyoiva na mboga za majani zisizooshwa vizuri, kwa hiyo hata ukimfukuza paka, hayo mawili yanabaki. Amwambie mkunga kliniki kuwa nyumbani kuna paka.

Pumu: asiyekuwa na mzio hapewi pumu na unyoya. Mwenye mzio wa paka ndiye anayebanwa, na kinachomsumbua hasa ni mate ya paka yaliyokauka juu ya manyoya. Mtoto akizaliwa, paka asilale naye kitandani. Mengine mtayaona mbele ya safari.

#16 Mpemba wa Magomeni

Kuhusu kuswali nyumba yenye paka, maana najua litaulizwa. Hadithi ya Abu Qatada inajulikana: paka si najisi, ni katika wanaotuzungukia majumbani, hata maji aliyoyanywa unatawadha nayo. Mkojo na kinyesi ni jambo jingine. Wangu alikuwa anakojoa kwenye mswala, nikadhani ana jini.

#17 Bi Nyaunyau

😂 Sheikh, mswala ni laini, uko chini, umekunjwa pembeni. Kwa mtoto wa paka hapo ni pazuri. Mwulize kwanza mchanga wake ukoje.

Mengi yanaanzia hapo. Beseni liwe na kingo fupi aweze kuingia. Mchanga uwe mkavu na wa kutosha, kama vidole vitatu kwenda chini, hata maranda ya mbao yanafaa kama mbao haikupakwa dawa. Mchanga wa dukani ule unaoganda ukilowa usimpe mdogo, wanaulamba. Akimaliza kula mweke ndani ya beseni, mchukue mguu wa mbele umkwaruzishe mchanga mara moja tu, ataelewa. Zoa kinyesi kila siku. Wakiwa wawili weka mabeseni mawili au matatu.

Akikosea usimsugue pua kwenye mkojo. Hajifunzi usafi hapo, anajifunza kukojoa ukiwa haupo. Fua mswala, maliza na maji ya siki, kwa sababu harufu ikibaki ndiyo inayomwita arudi. Na paka aliyekuwa anakwenda vizuri akaanza ghafla kukojoa ovyo, au dume anachuchumaa anajikamua na hakitoki kitu, huyo anaumwa. Dume asiyekojoa ni dharura ya saa, si ya siku.

#18 Wanjiru wa Gorofani

Hamjambo wote, salamu kutoka Nairobi. Mimi wangu niliwatoa KSPCA, lile shirika la kutunza wanyama pale Karen, ndugu wawili, mmoja mwenye nusu ya masikio 😄. Naongeza kwamba kuchukua wawili ni rahisi kuliko mmoja, nilikuwa siamini. Usiku wanachezana wenyewe kwa wenyewe na mimi nalala. Jirani yangu mwenye mmoja anaamshwa saa tisa kwa kuumwa vidole vya miguu.

Swali: ninakaa gorofa ya nne. Lendilodi hataki nigonge msumari kwenye ukuta. Nitaziba vipi veranda?

#19 Bi Nyaunyau

Karibu Wanjiru. La wawili umesema kweli, mimi siku hizi ndugu siwatenganishi kwa hiari. Anayekuja kuchukua mmoja namwonyesha wanavyolala wamekumbatiana, halafu nanyamaza. Wengi huondoka na wawili.

Veranda: kuna nyavu za plastiki zile za bustani, unazifunga kwa kamba za plastiki za kukaza kwenye vyuma vya kizuizi, toka chini mpaka juu, hakuna msumari. Mpaka uzifunge, mlango wa veranda usifunguliwe. Watu husema paka huanguka kwa miguu. Ndiyo, na miguu inavunjika, na taya pia.

Kwa jirani yako: ameanza mwenyewe, alikuwa anacheza naye kwa vidole. Acheze naye kwa kijiti chenye kitambaa mwishoni, akimbizane nacho mpaka ahemke, kisha ampe chakula, ndipo azime taa. Kukimbiza, kukamata, kula, kujilamba, kulala. Huo ndio mpangilio wa paka. Ukifuata mpangilio huo saa nne usiku, ile saa tisa inasogea. Kijiti akimaliza akifiche, asimwachie kamba peke yake.

#20 Mama Junior

Mrejesho: harisho limekata, anakula kuku. Nimempeleka kwa daktari hata hivyo, amepewa dawa ya minyoo. Sasa tatizo ni paka wetu mkubwa, dume la miaka mitatu. Amefoka mlangoni, manyoya yamesimama, amegoma kuingia ndani tangu jana.

#21 Bi Nyaunyau

Alhamdulillah. Kwa mkubwa, wasionane kwanza. Wabadilishane harufu. Chukua kitambaa mpanguse mdogo mashavuni na shingoni, kiweke chini ya sahani ya mkubwa anapokula. Na cha mkubwa kipeleke kwa mdogo. Mkubwa atakifokea, mwache. Siku atakayokula juu yake bila kukijali, walishe kila mmoja upande wake wa mlango uliofungwa, sahani zikisogea karibu kila mlo. Halafu mlango ufunguke upana wa kiganja. Halafu wakutane wewe ukiwepo, dakika chache, kabla hajachoka yeyote.

Kufoka ni mazungumzo, usiingilie. Ingilia masikio yakilala kabisa na wakianza kukimbizana kwa kuumizana, na hapo tia mto katikati, usitie mkono. Mkubwa awe wa kwanza kulishwa, wa kwanza kusalimiwa. Yeye ndiye mwenye nyumba. Na kama dume hajahasiwa, huo ugomvi utarudi mdogo akikua.

#22 Mzee wa Geto

Dada, nimekaa nimesoma yote, nimeghairi kucheka. Niwekee mmoja. Ila nauliza, lini namruhusu atoke nje? Geto ni dogo, atachoka.

#23 Bi Nyaunyau

Kaa naye ndani walau mwezi, na chanjo ziwe zimekamilika. Siku ya kwanza mtoe akiwa na njaa, kabla ya mlo wa jioni, mlango ukiwa wazi nyuma yake, robo saa, kisha gonga sahani kama unavyogonga kila siku. Kwa hiyo anza leo kugonga sahani kabla ya kumlisha. Kama una jirani mwenye gari, mwombe apige boneti mara mbili kabla ya kuwasha asubuhi, huko ndani kuna joto na wanapenda kulala.

Lakini kabla ya hapo kuna kuhasi. Jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne tu, mwenyewe bado mtoto, na baada ya kama siku 63 unao wengine. Kaka na dada wa tumbo moja hawajali undugu, kwa hiyo Wanjiru nawe lisikupite hili. Madaktari wengi wa mifugo hufanya kuanzia miezi minne mpaka sita, muulize wako bei mapema uanze kuweka kidogo kidogo. Ninayekuwekea ni jike wa rangi tatu, ana wiki 9. Njoo Jumamosi asubuhi na boksi lenye matundu, siku hiyo usiwe na wageni.